Ndizi Zinazoshuka kutoka Kilema

Mtaalamu wa lishe pale hospitali alikuwa dada mdogo mwenye sauti ya upole, ndiyo maana nilishindwa kumkasirikia. Alikuwa na bango lenye picha za vyakula, akawa anaweka kidole juu ya kila picha huku akitikisa kichwa. Ndizi mbivu, hapana. Ndizi za kupika, hapana. Parachichi, maharage, nyanya, hapana. Mume wangu alikaa kando yangu, kofia mapajani, figo zake zote mbili zimeshagoma kazi, na kidole kilipofika kwenye ndizi za kupika akacheka. Alidhani anataniwa.

"Dada, kwenu wapi?" akamuuliza.

Yule dada akasema kwao ni Singida.

"Basi ndiyo maana," mume wangu akasema, na akanitazama nimuunge mkono.

Sikumuunga mkono. Yule dada alieleza taratibu kwamba ndizi ina madini ambayo figo nzima huyatoa kwa mkojo, lakini figo ikishakufa yanabaki kwenye damu, yanajikusanya mpaka siku ya mashine ya kusafisha damu. Yakizidi sana yanausimamisha moyo. Nikamuuliza kama mtu anasikia maumivu kabla. Akasema wengi hawasikii maumivu, miguu tu inalegea. Hilo ndilo lililoniingia. Ugonjwa unaouma unakupa nafasi ya kupiga kelele, huu ulikuwa unakuja kimya kimya kwa mlango wa jikoni.

Labda asiye wa huku hataelewa. Mwanamke wa kwetu akijifungua anapikiwa mtori, ndizi zilizopondwa na nyama na supu yake mpaka kijiko kisimame. Mgonjwa akirudi kutoka hospitali anapikiwa mtori. Mtu akifiwa, akilia mpaka nguvu zikamwisha, anashikwa mabega na kunyweshwa mtori. Ukimwambia Mchagga asile ndizi, umemwambia ahame. Na mume wangu hakuwa mtu wa kuhama. Alizaliwa Kilema juu, na hata baada ya miaka yote tuliyokaa Kiboriloni alikuwa akisema "nyumbani" akimaanisha kule, na "hapa" akimaanisha nyumba tuliyoijenga.

Basi jiko langu likagawanyika. Watoto walikuwa shule za bweni, tuko wawili tu, na bado nilikuwa na majiko mawili ndani ya jiko moja. Upande wa kulia vitu vyake: mchele, unga wa sembe, kabichi, mayai ambayo nilimtolea viini, tufaha alilokula nusu. Upande wa kushoto vilivyobaki vyote. Viazi vyake nilivimenya, nikavikata vidogo, nikavichemsha kwenye maji mengi, nikamwaga, nikavichemsha tena na kumwaga tena, kama nilivyofundishwa. Vilitoka vyeupe na vimepooza. Chumvi ilikuwa ya kunusa tu. Maji ya kunywa alipimiwa kwa kikombe. Kila nilipomwaga yale maji ya viazi nilikuwa nasikia uchungu, maana ladha yote ilikuwa inakwenda bombani.

Uzuri ni kwamba mimi nilifundwa kuchunga chakula. Kabla sijaolewa nilikuwa nikipika kwa familia moja ya Kihindi pale mjini Moshi, na mama wa nyumba ile hakuwa anatupa hata maganda ya mbaazi bila kuyaangalia mara mbili. Kila kopo lilikuwa na kipande cha plasta chenye siku lilipoingia. Kilichoingia kwanza kinakaa mbele, kipya kinakwenda nyuma. Ukiweka kipya mbele anakuita kwa upole, anakuonyesha kwa kidole, anakaa palepale mpaka umekirudisha. Nilimchukia sana wakati ule. Mume wangu alipoanza kuumwa, na mimi kibanda changu cha mitumba sokoni nikawa nakifunga siku za hospitali, nikamkumbuka kwa heshima zote. Nikachukua chaki, nikaugawa mlango wa jikoni katikati kwa mstari. Kulia vyake, kushoto vyangu. Kila kitu nilikiandika siku kilipoingia, na kilichokuwa karibu kuharibika nilikiandikia pembeni kwa herufi kubwa: LEO.

Upande wa kulia ulikwenda vizuri. Upande wa kushoto ulinishinda, kwa sababu ya mama mkwe wangu.

Mama mkwe alikuwa mjane, akiishi peke yake katika kihamba cha Kilema, shamba la ukoo, migomba na kahawa vimeizunguka nyumba mpaka mlangoni. Mgongo wake ulikuwa umepinda, magoti yamevimba. Na kila Jumamosi gari la asubuhi lilishusha mkungu wa mshare, ndizi za kupika, pale kituoni Kiboriloni, umefungwa ndani ya gunia, kichwa cha mkungu kimevishwa jani kavu na kuzungushiwa kamba ya mgomba kwa fundo lake mwenyewe, fundo nene lililokaa upande kama kilemba cha bibi harusi. Wakati mwingine chini ya mkungu aliweka na parachichi. Nami kwa desturi nilirudisha gunia likiwa na kitu ndani, sukari au sabuni, maana gunia la mama mkwe halirudi tupu. Na ujumbe ukaenda: tumepokea, tumekula, aika, yaani asante.

Tulimwambia, asije mtu akasema hatukumwambia. Tulipanda Kilema wote wawili, mara tu baada ya mashine zile za mwanzo, mume wangu akamweleza mama yake kwa Kichagga na kwa Kiswahili. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, si mwanawe.

"Ndizi imemuua nani?" akaniuliza. "Nioneshe kaburi hata moja hapa Kilema, la mtu aliyeuawa na ndizi."

"Mama, siyo kwamba zinaua watu wote. Ni figo."

"Baba yake alikula ndizi mpaka siku anakufa."

"Ndiyo, mama."

"Na alikufa kwa kuanguka kwenye mti."

Jumamosi iliyofuata ulishuka mkungu mkubwa kuliko yote niliyowahi kuuona.

Watu wa mbali wataniambia ningeugawa. Kumpa jirani wa Kiboriloni ndizi ni kumchosha bure, yeye mwenyewe ana mkungu wake kutoka Kirua au Marangu ameuegemeza ukutani na hajui aufanyeje. Niligawa mpaka watu wakaanza kunikwepa. Nilikata vipande nikaanika juu ya bati, ilikuwa masika, vikaota ukungu. Friji letu dogo lilikuwa linategemea umeme, na umeme nao ulikuwa na ratiba yake. Kuziacha ziive nikatengeneze mbege ndiyo kabisa, nyumba yenye mgonjwa ikinukia pombe watu watasema nasherehekea mapema.

Nikajaribu kuuza. Sijui nilikuwa nawaza nini, maana mkungu uliotumwa kwa mwana hauuzwi, na mkamwana ndiye wa mwisho kabisa kuuuza. Lakini nilikuwa nimechoka kuona ndizi zikigeuka nyeusi. Nikaubeba mpaka sokoni kabla watu hawajajaa, nikauweka chini kwa dada mmoja muuza ndizi. Nilisahau kulitoa lile jani. Mama mmoja wa Kilema, aliyekuwa akipita na kapu lake la nyanya chungu, akasimama, akainama, akaligusa lile fundo kwa kidole.

"Huu umetoka kwa mama yako mkwe," akasema.

Nikasema hapana. Akaniangalia usoni kwa huruma, akaenda zake. Kabla sijamaliza kufunga kibanda changu jioni ile, simu ya mama mkwe ikaingia. Hakugomba. Aliuliza tu kama ndizi zake siku hizi zina uchungu. Nililia pale pale katikati ya suruali za mitumba, na wateja wakadhani nimepata msiba.

Baada ya hapo sikuuza tena. Nilikula. Asubuhi nilikula ndizi, mchana nilipeleka ndizi kibandani kwenye hotipoti, jioni nikala ndizi nikiwa nimempa mume wangu mgongo ili asinione vizuri. Zilizonishinda zilikwenda kwa mbuzi wa nyumba ya tatu. Kila nilipowabebea ndoo ya makombo nilimuona mama mkwe anavyoinama na panga, anavyouburuta mkungu mpaka barabarani kwa yale magoti. Nilimwonea huruma na nilimchukia kwa wakati mmoja. Nikawa naandika LEO kwa nguvu mpaka chaki inakatika. LEO. LEO. LEO. Mlango wote wa kushoto ukawa unapiga kelele, na hakuna wa kuusikia isipokuwa mimi na tumbo langu.

Kisha mambo yakaanza kuwa mepesi.

Nilikuwa narudi kutoka sokoni nakuta mstari wa maandishi upande wa kushoto umefutwa. Chane iliyoandikiwa LEO haipo. Nikamuuliza mume wangu, naye akasema, "Nimekusaidia." Nikaelewa kwamba amewapelekea mbuzi, kwa kuwa siku zile ambazo si za mashine alikuwa na nguvu kidogo na alipenda kutembea mpaka kwenye ua. Nikamshukuru. Nilimpapasa kichwa kabisa. Ndoo ya makombo ikawa nyepesi, jikoni hakunuki tena, inzi wakapungua. Nilifurahi kama mjinga. Nilisimama mbele ya mlango ule nikasema moyoni, sasa nyumba hii inakwenda, hakipotei kitu.

Yeye alikuwa amechangamka. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini akiwa kwenye kiti chake barazani. Nilidhani ni mashine inamkubali.

Siku alipoanguka nilikuwa nimetoka bafuni. Nilimkuta chini, mlangoni pa chumba, amekaa kama mtoto anayejifunza kutembea, anaitazama miguu yake. Akasema haimsikii. Hakuwa anaumwa popote. Aliniambia hivyo, "Siumwi popote, mama watoto," na hapo ndipo nilipomkumbuka yule dada wa Singida na bango lake. Sijui nilimwingizaje kwenye bajaji. Najua tu kwamba nilikuwa nimevaa khanga moja na miguu peku, na kwamba njia nzima niliweka mkono kifuani kwake nikiuhesabia moyo wake na kuuomba. Sikumwomba Mungu. Niliuomba moyo wenyewe, kwa jina la mwenye nao.

Daktari wa zamu aliangalia mashine ya moyo, akaita watu, wakamchoma sindano mbili tatu, wakaanza kuandaa kusafisha damu palepale bila kungoja siku yake. Akanigeukia.

"Amekula nini?"

Nikaanza kumtajia. Nilikuwa na uhakika wangu wote. Wali. Kabichi iliyochemshwa. Ute wa yai. Nusu tufaha. Viazi vilivyomwagwa maji mara mbili. Nilitaja mlango wa kulia kuanzia juu mpaka chini, kama mtoto anayesoma katekisimu mbele ya padri, na daktari alikuwa anatikisa kichwa kwamba hapana, hiyo haiwezekani, damu hii haijala kabichi.

Mume wangu alikuwa amefumba macho. Akasema, "Ndizi."

Nikamwinamia.

"Za mama," akasema. "Zilikuwa zinaharibika."

Sitamsahau daktari yule alivyonitazama. Alirudi kwenye kazi yake. Mimi nilisimama ukutani, na nisiseme uongo, nilitaka kumpiga mume wangu. Mtu yuko na mirija mwilini, moyo wake unakwenda kwa kusitasita kwenye kioo, nami nilitaka kumzaba kofi hadi kitanda kitikisike. Kisha nikataka kulala juu yake. Nilifanya lile la pili, kidogo, kwenye miguu, mpaka nesi akanitoa.

Alivuka. Alipoweza kukaa nilimuuliza, na nilimuuliza vibaya, kwa meno.

"Ulikuwa unakula ili ufe?"

"Nilikuwa nakula kwa sababu umeandika leo."

"Mimi?"

"Kila nikienda kunywa kile kikombe changu cha maji nauona mlango. Leo. Leo. Mama amepanda ngazi za kihamba na mgongo ule, amekata, amefunga, ametuma. Nimwache atokwe na jasho kwa ajili ya mbuzi wa watu?" Akapumzika. "Nilikuwa nakula kidogo tu. Zile zilizoandikiwa."

"Ungeniambia."

"Ungeandika nini mlangoni?"

Nilirudi nyumbani nikachukua kitambaa chenye maji nikaufuta mlango wote, wa kulia na wa kushoto. Ulikauka ukabaki na ukungu mweupe uliokataa kutoka.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na nilijua huko juu panga limeshanolewa. Nikapanda Kilema mwenyewe.

Nilimkuta mama mkwe nje, amekaa kwenye kigogo, mkungu uko miguuni pake, anauvika jani. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akasema amefurahi nimekuja, nitashuka nao mwenyewe, nitaokoa nauli ya mzigo. Nilitaka kukaa chini, nieleze kwa adabu kama mkamwana anavyopaswa. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Lakini niliuona mkono wake unalizungusha lile fundo, na maneno yote niliyoyapanga yakaniruka.

"Acha!" nikapiga kelele. "Acha kufunga! Unafunga sanda!"

Mkamwana hampigii mama mkwe kelele, na hasa si katika kihamba ambacho mume wa mama huyo na wakwe zake wamezikwa ndani yake. Jirani upande wa pili wa mfereji alisimama na jembe lake. Mimi nikaendelea, nilishakwisha kuharibu. Nikamwambia kwamba mwanawe amekula ndizi zake kwa siri, kwamba moyo ulitaka kusimama, kwamba nimeushika kwa mkono wangu huu, na kwamba akituma tena tutamleta huku amelala, achimbiwe pale karibu na baba yake, na hapo ndipo nitamwonesha kaburi la mtu aliyeuawa na ndizi.

Alikuwa bado ameshika kamba. Taratibu akaiachia, ile kamba ikajifungua yenyewe.

"Alikula zangu," akasema. Sikujua kama ni swali.

"Ndiyo mama. Ili zisiharibike."

Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari, hata nilitamani anifukuze. Alipozungumza sauti ilikuwa imekwisha kabisa.

"Sasa nimtumie nini?"

"Usitume kitu, mama."

"Mimi sina kingine." Akaangalia migomba yake, akaangalia mikono yake. "Kahawa amekatazwa?"

"Kidogo tu, mama. Na maji yake yanahesabiwa."

"Maziwa?"

"Kidogo sana."

"Parachichi najua mmekataa. Maharage?"

"Maharage pia."

Alikuwa anatafuta. Alikuwa anazunguka kihamba chote kwa macho, mti kwa mti, anatafuta kitu kimoja alichokipanda yeye ambacho mwanawe angeweza kukimeza bila kufa. Nilikuwa nimekuja na hasira zangu zote na sasa sikuwa na pa kuziweka. Nikachuchumaa mbele yake, nikamshika yale magoti yaliyovimba, tukalia wote wawili, yeye bila sauti, mimi kwa sauti ya kuaibisha ukoo.

Jumamosi halikushuka gunia. Alishuka yeye. Alikuja na begi la nguo na rozari, akasema amemwachia jirani ng'ombe, akaomba aoneshwe viazi vya mwanawe vinavyopikwa. Nikamuonesha. Alimenya, akakata vidogo vidogo kuliko mimi, akachemsha, na tulipofika mahali pa kumwaga maji akashika sufuria juu ya karo akashindwa. Akasema, "Nguvu zote ziko humu." Nikamwambia najua. Akafumba macho akamwaga. Ya pili aliyamwaga macho yakiwa wazi.

Mume wangu, aliyekuwa ameruhusiwa kutoka hospitali, alikula viazi vile mbele ya mama yake mpaka sahani ikawa nyeupe. Akamwambia ni vitamu. Mama mkwe akaitikia, na wote watatu tulijua ni viazi visivyo na kitu.

Basi tukaishi hivyo. Mama mkwe akawa ndiye mlinzi wa upande wa kulia, mkali kuliko hospitali yenyewe, na kikombe cha maji alikishika yeye. Lakini migomba haijui kwamba mtu ameumwa. Ile ya Kilema iliendelea kuzaa, na mikungu isipokatwa inaangusha mgomba au inaibiwa. Siku moja jirani wa kule, kwa nia njema kabisa, akaukata mmoja uliokuwa umekomaa akautuma kwa lile gari la asubuhi. Tulipigiwa simu kuupokea. Tukaukuta pale kituoni umekaa ndani ya gunia, na hakuna kati yetu aliyeweza kuusogeza kwa muda.

"Tuwape mbuzi," nikasema.

Mama mkwe aliinama. Aliubeba kichwani yeye mwenyewe, na mgongo ule.

Mume wangu alikuwa amerudi kutoka mashine, siku ambazo mtu analala kama amepigwa. Tulifunga mlango wa chumba chake. Tukafunga na dirisha la jikoni. Mama mkwe akachukua mafiga matatu, akayapeleka nyuma ya nyumba kabisa, kati ya choo cha zamani na ukuta wa jirani, mahali upepo unakopeleka moshi mbali na nyumba. Hapo akapika mtori. Alinituma nyama kidogo ya kifua, akaichemsha, akamenya ndizi haraka haraka, vidole vyeusi kwa utomvu, akaziponda mpaka zikalainika. Kwa mara ya kwanza tangu aje niliona mwili wake umenyooka. Mimi nilikuwa nalinda kona, nikichungulia kama kuna mtu anayekuja, kama vile tunapika gongo.

Hatukuchukua sahani. Tulichuchumaa pande mbili za sufuria na vijiko viwili, tukaanza kula mtori ungali wa moto, haraka, bila kuongea, ili uishe kabla hajaamka. Uliniunguza ulimi. Ulikuwa mtamu kiasi kwamba nilisikia hatia tumboni. Mama mkwe alikuwa anakula machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni, hakuyapangusa, alikuwa anachota tu.

Tukasikia dirisha la chumba linafunguliwa.

Tuliganda na vijiko vyetu. Yeye hakuweza kutuona kutoka pale, kulikuwa na ukuta wa choo katikati. Lakini pua haizuiwi na ukuta.

"Mama," aliita. Sauti ilikuwa ya usingizi. "Umekolea?"

Mama mkwe alinitazama. Nusu ya Kilema ilinyweshwa mtori wake, wanawake waliojifungua watoto ambao sasa wana wajukuu. Alimeza alichokuwa nacho mdomoni kwanza, akasafisha koo.

"Hauna hata ladha, mwanangu," akajibu. "Leo nimeuharibu."

Nilikuwa nasikia kuni zinavyolia chini ya sufuria.

"Basi malizeni," akasema. "Usimwagwe."

Dirisha likafungwa, na sisi tukaendelea kula mpaka ukaisha.